Transfoma ya treni za mfano hupimwa siku ya shoti

Anayeanza kujenga reli ya mezani hutumia miezi kuchagua injini, mabehewa, majumba na miti ya kupambia, kisha transfoma akainunua dakika za mwisho kwa kutazama jambo moja tu, yaani kama kitufe chake kikizungushwa treni inaenda kwa kasi. Nami nilianza hivyo hivyo. Tathmini hii ni ya aina nne za transfoma ambazo nimezitumia kwa nyakati mbalimbali, na zote nimezipima kwa swali ninaloliona kuwa zito kuliko mengine: siku gurudumu litakapotoka njiani na kuzigusanisha reli mbili, transfoma hii itafanya nini, na itachukua muda gani kufanya hivyo?

Kwanza lazima tuisome lebo, kwa sababu wauzaji wengi huizungumzia kwa namna inayopotosha. Lebo ina namba za aina mbili, zile za umeme unaoingia kutoka ukutani na zile za umeme unaotoka kwenda relini, na namba kubwa iliyochapishwa mbele ya kasha mara nyingi ni ile ya kuingia. Mfano unaojulikana sana ni transfoma ya kampuni ya Kimarekani ya treni za mfano, Lionel, iitwayo ZW, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na baadaye ikawa na maandishi ya wati 275. Hizo ni wati ambazo transfoma inazivuta ukutani. Zinazofika relini ni chache zaidi, kwani nyingine hupotea kama joto ndani ya chuma na koili zake. Mnunuzi atafute palipoandikwa umeme wa kutoka, achukue VA (yaani volti mara ampea) zilizotajwa hapo, azigawanye kwa volti, na jibu atakalopata ndilo kiasi cha ampea anachonunua kwa kweli. Transfoma ya VA 7 inayotoa volti 12 haifikishi hata ampea 0.6. Hesabu hii ni ya mstari mmoja, lakini nimewaona watu wazima, mafundi wa umeme wakiwamo, wakiiruka.

Volti zenyewe hazina ubishi mkubwa, kwa kuwa huamuliwa na kipimo cha treni, yaani udogo wake ukilinganishwa na treni halisi, ambacho hutajwa kwa herufi kama Z, N, HO au O. Treni ndogo kabisa za kipimo cha Z, ambazo ni sehemu moja ya 220 ya treni halisi, hutumia takriban volti 8 hadi 10. Zile za N na HO zinazotumia umeme wa mkondo mnyofu, ule ambao mafundi huuita DC, hutumia volti 12. Na treni kubwa za bustanini hufika 18 hadi 24. Treni za Lionel za kipimo cha O na zile za kampuni ya Märklin zenye reli ya tatu katikati zina desturi yake tofauti, kwani huendeshwa kwa mkondo geu, yaani AC. Injini za Märklin za mtindo wa zamani hutembea kwa volti zisizozidi 16 na hugeuza mwelekeo zinapopokea msukumo mfupi wa takriban volti 24. Asiyelijua hilo akaipa injini ya DC umeme wa aina hiyo anaweza kuiunguza mota yake kabla hajamaliza kujiuliza kwa nini inanguruma bila kusogea.

Aina ya kwanza niliyoitumia ni ile kifaa kidogo chepesi kinachokuja ndani ya boksi la kuanzia pamoja na duara la reli na injini moja. Sitaidharau, maana kwa kazi iliyoundiwa inatosha: injini moja ya kisasa ya HO huvuta kati ya ampea 0.25 na 0.5, na kifaa hicho kinaweza kuimudu. Tatizo huanza pale mwenye reli anapotaka mabehewa yawe na taa. Mabehewa yangu manne yalikuwa na balbu mbili mbili za nyuzi, kila balbu ikivuta ampea 0.05, hivyo taa peke yake zilikuwa zinakula ampea 0.4, ukijumlisha na injini, mzigo ulikuwa umeshapita uwezo wa kifaa. Treni ilikuwa ikizunguka mara tatu kisha inasimama, inapumzika dakika kadhaa, halafu inaondoka yenyewe bila kuguswa. Nilidhani injini imekufa na nikaifungua bure. Kumbe ni kinga ya joto ndani ya transfoma iliyokuwa ikikata na kurudisha umeme, na hapo kifaa kilistahili sifa kuliko lawama, kwa sababu kilijilinda chenyewe na hakikuniunguzia chochote. Balbu za LED zingeondoa sehemu kubwa ya mzigo huo, kwani kila moja huridhika na milliampea chache. Kwenye mtihani wa shoti kilifaulu kwa udhaifu wake mwenyewe: ampea zake ni chache mno kiasi kwamba hata zote zikipita mahali pamoja haziyeyushi kitu.

Aina ya pili ndiyo iliyonipa mapenzi na hofu kwa pamoja, nayo ni transfoma kubwa za zamani zenye kiini cha chuma na vishikio vya kusukuma kwa mkono, ambazo ZW niliyoitaja ndiyo maarufu kuliko zote. Kuitumia ni raha ambayo kitufe cha plastiki hakikupi. Ina njia nne za kutolea umeme, vishikio viwili vikubwa pembeni kwa ajili ya treni na vingine viwili vidogo kwa ajili ya taa na vifaa vingine, na ukisukuma swichi yake ya filimbi, filimbi ya treni inalia kwa sababu transfoma huchanganya kiasi cha DC juu ya AC inayoendesha mota. Ufundi huo ni wa akili sana kwa kifaa kisicho na chipu hata moja.

Lakini mkato wake wa dharura, yaani sehemu inayokata umeme shoti ikitokea, ni wa enzi zake. Hufanya kazi kwa kipande cha chuma kinachojikunja kikipata joto, na chuma hakipati joto mara moja, hivyo shoti inaweza kuendelea kwa sekunde kadhaa huku ampea nyingi zikipita kwenye nyaya nyembamba. Isitoshe, mkato huo umewekwa kwenye njia ya pamoja ya kurudishia umeme, kwa hiyo treni ikivuka kutoka eneo linalolishwa na kishikio kimoja kuingia eneo la kishikio kingine chenye volti tofauti, umeme unaozunguka kati ya vishikio hivyo viwili haupiti kwenye mkato kabisa. Injini za miaka ya 1950, zenye chuma kizito na mota ngumu, zilivumilia hayo. Injini za leo zenye bodi za kielektroniki hazivumilii. Anayeipenda transfoma ya namna hii, nami ni mmoja wao, afunge kati yake na reli mkato wa kisasa wa haraka au fyuzi kwa kila njia. Akague pia waya wake wa ukutani, kwa kuwa ganda la mpira la miaka 60 au 70 hupasuka kama udongo wa kiangazi, na ahakikishe volti za ukutani zinalingana na zilizoandikwa kwenye lebo. ZW ya asili ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa takriban volti 115. Kuichomeka kwenye soketi ya 230 ni kuichoma.

Tahadhari ya jinsi hiyo inazihusu pia transfoma za zamani za Märklin zenye kasha la buluu. Zilitengenezwa kwa umeme wa volti 220, na zikichomekwa kwenye 230 zile volti 24 za kugeuzia mwelekeo hupanda juu ya hapo, hasa zikiwa hazina mzigo. Mota ya zamani hailalamiki, lakini dikoda ya injini ya kisasa, yaani bodi ndogo ya kielektroniki inayopokea amri na kuiongoza mota, inaweza kufa kwa msukumo mmoja tu. Hizo nisingemshauri mtu azitumie na injini mpya, hata apewe bure.

Aina ya tatu ni kidhibiti mwendo cha transista, chenye transfoma yake ndani au kikilishwa na transfoma ya AC iliyo nje. Kwa reli ya DC ya chumbani naiona ndiyo bora kwa watu wengi, kwa kuwa treni huanza kutembea taratibu kama treni halisi inavyong'oka stesheni, jambo ambalo vidhibiti vya kale vya waya wa ukinzani havikuliweza. Vile vilibadilisha mwendo kila mzigo ulipobadilika, treni ikafa mlimani na kukimbia wazimu kwenye mteremko. Vingi vya transista hutuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi ili mota iamke bila kurukaruka. Mapigo hayo yakiwa ya polepole huzipasha moto mota ndogo zisizo na kiini cha chuma, zinazopatikana katika injini fulani za gharama, kwa hiyo mwenye injini za namna hiyo atafute kidhibiti kinachotoa DC laini au mapigo ya kasi sana. Cha kwangu kinatoa ampea 1.5 na hukata kwa shoti kabla sijaona cheche, taa nyekundu ikawaka, nikaiondoa treni iliyoanguka, nikaendelea. Sina la zaidi la kukisema, na kwa kifaa cha umeme hiyo ni sifa.

Aina ya nne ni vibadilishi vyepesi vya kielektroniki, vinavyofanana na vya kompyuta ya mapajani, vinavyolisha mfumo wa kidijitali ambamo kila injini ina dikoda yake na reli yote ina umeme wakati wote. Hapa ndipo tamaa inapowaponza wengi. Kwa kuwa mfumo mmoja unaweza kuendesha treni nyingi, mnunuzi huona busta (kifaa kinachotoa umeme wa mfumo kwenda relini) ya ampea 5 kuwa bora kuliko ya ampea 3, na ya 8 kuwa bora zaidi. Afanye hesabu: ampea 5 kwa volti 14 ni wati 70, ilhali chuma cha kulehemea cha kawaida ni cha wati 25 hadi 60. Gurudumu la kipimo cha N likikaa kwenye shoti ya namna hiyo, linageuka kuwa chuma cha kulehemea kilichopandwa ndani ya plastiki. Gari langu moja la mizigo liliharibika hivyo, sehemu ya chini ikalegea na kujikunja wakati nimekwenda kufungua mlango. Kibadilishi hakikukosea, kilitoa kile nilichokinunua.

Sababu ya mkato kutokufanya kazi siku ile niliigundua baadaye, nayo haikuwa ndani ya kasha. Nilikuwa nimeilisha reli ndefu kwa waya mmoja mwembamba, nikaiachia reli yenyewe na viunganishi vyake vipitishe umeme hadi mwisho wa meza. Njia hiyo yote ilipofika kwenye ukinzani wa omu 3, shoti ya volti 14 haikuweza kuvuta zaidi ya ampea 4.7, na mkato uliowekwa kwa ampea 5 uliiona kuwa ni treni tu za kawaida. Tangu hapo nimeweka nyaya mbili nene za shaba za milimita za mraba 2.5 chini ya meza, zikishuka kutoka relini kwa vipande vifupi kila baada ya mita moja hivi, na nimegawa reli katika maeneo yenye mkato wake wa ampea 2 kila moja. Majaribio yake ni rahisi: unaweka sarafu juu ya reli mbili mahali palipo mbali kabisa na transfoma, na umeme lazima ukatike papo hapo. Sarafu ikianza kupata joto, usizungushe kitufe chochote kabla hujarekebisha nyaya. Vibadilishi hivi vina tabia nyingine ya kuudhi, kwani dikoda nyingi zenye kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya umeme, zikiwashwa kwa pamoja huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na mkato mwepesi mno huudhania ni shoti, ukawasha na kukata mfululizo. Kuwasha eneo moja baada ya jingine huondoa kero hiyo.

Mota za koili za kubadilishia njia zisiunganishwe na umeme wa treni. Huvuta ampea kadhaa kwa nukta moja, treni ikashtuka, na kitufe kikinasa koili inaungua. Transfoma ndogo ya pili ya volti 16 ikipitia kapasita inayojaa polepole na kumwaga umeme wake kwa mkupuo inatosha kabisa, na kitufe kikinasa hakuna madhara.

Kwa wanaotumia transfoma mbili za AC kwenye reli moja kuna hatari moja ambayo lebo nyingi haziitaji. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ikipewa volti 16 upande wa reli, hutoa volti kubwa upande wa ukutani. Mbili zikiwa zimeunganishwa kupitia reli, ukichomoa plagi ya moja huku nyingine imewashwa, pini za plagi uliyoishika mkononi zinaweza kuwa na umeme mkubwa wa kuua. Zote mbili zichomekwe kwenye kamba moja yenye swichi moja ili ziwake na kuzimika pamoja. Kabla ya kuziunganisha, unganisha waya mmoja wa kila transfoma na mwenzake, kisha upime kwa mita zile mbili zilizobaki: zikisoma karibu na sifuri zinakwenda sambamba, na zikisoma volti 32 hivi, geuza plagi ya moja kama soketi inaruhusu, la sivyo badilisha nyaya zake za upande wa reli.

Kwa hiyo kifaa cha boksi nimekibakiza kwa taa za majumba, ile kubwa ya zamani inaendesha treni mbili za O kupitia fyuzi nne, kidhibiti cha transista kinahudumia reli ya HO, na kibadilishi cha ampea 5 nimekiuza. Mahali pake pana cha ampea 3, na treni zangu nne za N hazijaonyesha dalili ya kukihitaji kile cha zamani.