Summit 850 yenye turbo: nimeipandisha Uinta kwa mara ya kwanza

Pikipiki yangu ya theluji, Summit 850, nimeifunga turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kwa sababu moja tu: hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Sisi tunaoendesha pikipiki za theluji hapa Utah, Marekani, tunatoka Salt Lake City, ambako tayari ni karibu mita 1,300 juu ya bahari, na Bald Mountain Pass, kwenye barabara ya Mirror Lake katika milima ya Uinta, ipo juu ya mita 3,200. Ski-Doo Summit 850 isiyo na turbo inatoka kiwandani na nguvu za farasi 165. Ikifika pale inabaki na kama 115. Ukizama kwenye theluji laini ya kufika kiunoni, farasi hao 50 waliopotea unawakumbuka kweli.

Shemeji yangu ana Summit kama yangu, mkanda wa chini unaoisukuma kwenye theluji ni wa urefu uleule, ila haijafungwa turbo. Hivyo nilikuwa na cha kulinganisha nacho pembeni yangu siku nzima.

Barabara ya Mirror Lake hufungwa kwa magari wakati wa baridi, theluji ikashindiliwa na kuwa njia ya pikipiki zetu. Hapo kwenye njia ngumu turbo haina maana yoyote, na joto ndilo linakusumbua. Injini hizi hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda hadi kwenye vipozeo vilivyo chini ya kiti. Njia ikiwa ngumu hakuna kinachorushwa. Nilishusha zile waya za kukwaruza zinazoning'inia kwenye reli za mkanda, zikachimba vipande vya barafu, na geji ya joto ikarudi chini baada ya muda mfupi. Kama pikipiki yako haina waya hizo, zifunge kabla hujawaza turbo.

Tulipotoka njiani na kuingia kwenye mwinuko wa kwanza, nilivuta resi nikasikitika. Injini hii inatakiwa izunguke 7,900 kwa dakika ukiivuta hadi mwisho. Yangu iligota 7,500, na sauti yake ilikuwa ya kukabwa. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye mashine za boti, na hata huu mfumo wa E-TEC wa kunyunyiza mafuta ndani ya silinda ulianzia kwenye injini za boti za Evinrude kabla ya kuhamia kwenye theluji. Sikio langu linaijua mashine iliyobebeshwa mzigo. Nilijua tatizo ni klachi, inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda; turbo haina kosa. Fundi aliyenifungia aliongeza vizito kwenye klachi ya mbele, akaviongeza kupita kiasi, vikailemea injini.

Bahati nzuri klachi hii ina skurubu tatu za kurekebishia, zenye namba, na zote lazima zikae namba moja. Nilizitoa kwenye 3 nikaziweka kwenye 4, vidole vikiwa vimeganda. Nikapanda tena: 7,800 na ushee. Hapo ndipo nilipoielewa pesa yangu, zaidi ya dola 6,000 pamoja na ufundi.

Mwinuko ambao shemeji aliishia katikati, akageuza, mimi niliupanda hadi juu na resi ikiwa bado ipo. Utamu mkubwa zaidi ni kukata ubavu wa mlima. Unailaza pikipiki upande mmoja kama ngalawa iliyobanwa na upepo, ski moja ikiwa hewani, na unaishikilia hapo kwa resi peke yake. Nilihofia turbo ingechelewa kuitikia na kunitupa. Haikuchelewa. Nguvu inapanda taratibu, mkono unaimudu.

Kuna mawili ya kukera. Kibano cha bomba la hewa kati ya turbo na injini kililegea, nguvu ikapotea ghafla. Hiyo ni kazi ya haraka ya fundi yuleyule, na nitamrudia. Pili, turbo inavuta hewa nyingi hadi unga wa theluji unaganda kwenye wavu wa kuingizia hewa. Kila tukisimama nilikuwa naupangusa kwa glovu.

Halafu kuna hili, nalisema kwa uzito. Turbo inakufikisha kwenye miinuko ambayo zamani pikipiki ilikukatalia yenyewe. Maporomoko mengi ya theluji hutokea kwenye miinuko inayozidi nyuzi 30, na huko ndiko sasa unaweza kwenda. Soma tahadhari ya Utah Avalanche Center, kituo kinachotabiri maporomoko ya theluji, asubuhi hiyohiyo. Kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa kiwe mwilini, koleo na fimbo ya kutafutia viwe mgongoni, na apande mmoja mmoja. Shemeji alinisubiri pembeni, macho kwangu, kila nilipopanda.

Kama unaendesha chini ya mita 1,500, usinunue. Klachi iliyopimwa vizuri itakutosha, na dhamana ya kiwanda hutaipoteza. Kwa milima ya Uinta, ningefunga tena kesho. Kwanza nakata matundu ya hewa kwenye ubavu wa pikipiki ulio karibu na turbo, kwa sababu plastiki ya hapo ilikuwa ya moto kuliko ninavyopenda.