Duka la punguzo au duka la Mangi?

Duka kubwa la bei ya punguzo likifunguliwa Mbagala, mwenye mshahara atafaidi: mchele wa kilo 25, sabuni ya katoni, bei zimebandikwa. Lakini mama lishe anayeishi kwa mauzo ya siku hanunui katoni. Kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani, anapata mafuta ya kupima, sukari robo, na akipungukiwa anaandikwa kwenye daftari. Ukipiga hesabu kwa kilo, Mangi ni ghali zaidi, kweli. Ila yuko hapo hapo mtaani, hakuna nauli ya daladala. Tena wenye maduka makubwa huondoka: Shoprite waliwauzia Nakumatt maduka yao ya Tanzania mwaka 2014, kisha Nakumatt nao wakafunga. Kwa mahitaji ya kila siku nabaki kwa Mangi; kwenye punguzo nitaenda mwisho wa mwezi.