Pikipiki ya theluji niliyouziwa ikiwa ya moto

Nilisubiri hasira ipungue kabla ya kuandika, lakini haijapungua, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Majira ya baridi yaliyopita, baada ya miaka kadhaa ya kuishi Minnesota na kuwatazama majirani wakikatiza maziwa yaliyoganda, niliamua kununua pikipiki yangu ya kwanza ya theluji, yaani chombo cha injini kinachoteleza kwa skii mbele na kusukumwa na mkanda wa mpira nyuma. Mpya zinauzwa kwa bei ya gari, kwa hiyo nilitafuta ya mtumba, nikaipata kwenye yadi moja kaskazini mwa Minneapolis kwa dola 2,300. Ukubwa wa injini yake na urefu wa mkanda wake wa mpira sitavieleza, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuvitafuta. Ninachotaka kueleza ni habari ya joto.

Shemeji yangu, aliyekuwa fundi wa malori Arusha kabla ya kuhamia huku, alinionya kwa simu kwamba nikifika yadini nivue glavu na kuweka kiganja kwenye injini kabla ya jambo lolote. Injini ya tustroki (ya mipigo miwili) iliyochoka hugoma kuwaka ikiwa ya baridi na hutii ikiwa imepashwa moto, kwa hiyo mwuzaji asiye mwaminifu huiwasha mapema, akaizima, kisha akakungoja. Siku ile baridi ilikaribia nyuzi 20 chini ya sifuri na pikipiki zote zilikuwa zimefunikwa na theluji ya usiku. Moja tu ilikuwa imefutwa ikawa safi. Chini ya bomba lake la moshi palikuwa na kishimo ambapo theluji ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena ikawa barafu ya kijivu, na katikati yake palikuwa na doa jeusi la oili. Boneti ilipofunguliwa niligusa silinda, nayo ilikuwa na uvuguvugu wa chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Nilimwuliza mwuzaji kwa nini injini ina joto, akajibu kwamba amenifanyia hisani ili nisisimame kwenye baridi nikingoja ipate moto. Nikamshukuru.

Alivuta kamba mara moja ikawaka. Nilihakikisha kwamba namba iliyopigwa ubavuni, upande wa kulia, inalingana na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili ya Idara ya Maliasili ya Minnesota, na kwa haki niseme kwamba karatasi zake zilikuwa sawa kabisa. Kisha nikatia saini kwamba naichukua kama ilivyo.

Haikupita muda mrefu, labda wiki tatu au nne, nikampakia mwanangu wa miaka tisa nyuma yangu tukaenda Ziwa Mille Lacs. Barafu ilikuwa nene, ikipita kwa mbali inchi 5 hadi 7 ambazo Idara hiyo inazipendekeza kwa chombo cha aina hii, na kwa karibu saa nzima sikumbuki furaha iliyozidi ile. Halafu sauti ya injini ikabadilika. Ilianza kulia kwa sauti nyembamba, mizunguko ikipanda yenyewe ilhali mimi nilikuwa nimeachia mafuta, na kabla sijajua la kufanya ilikamata, mkanda ukasimama ghafla na sisi tukarushwa mbele kidogo. Nilivuta kamba kwa mikono miwili nayo haikusogea hata sentimita moja. Injini ilikuwa imenoki, tukiwa katikati ya ziwa ambalo ufuo wake wa pili huuoni kwa macho, jua likielekea kuzama, na mtoto akiniambia kwamba hahisi vidole vyake. Tuliokolewa na wavuvi waliokuwa kwenye kibanda chao juu ya barafu, watu ambao hatukuwa tunajuana nao hata kwa salamu. Walimweka mwanangu karibu na jiko lao, wakatuvuta kwa kamba hadi nchi kavu na wakakataa malipo.

Nilirudi yadini nikiwa nimejiandaa kuzungumza kwa adabu, kwa sababu mashine kuharibika si ajabu na nilijua nimetia saini nini. Sikudai hela yangu. Nilitaka tu kujua kama injini ile iliwahi kunoki kabla ya kuuzwa. Yule bwana hakuinuka kitini. Alimtazama mwanangu, akanitazama mimi, akasema kwamba watu wa nchi za joto hawajui kutunza mashine za baridi. Kwa kuwa nimezaliwa baada ya mwaka 1976, sheria ya Minnesota ilinitaka nipate cheti cha mafunzo ya usalama kabla ya kuendesha, nami nilikuwa nacho mfukoni, na oili niliyoweka ilikuwa ile ile iliyoelekezwa kwenye kitabu cha mashine. Hakuuliza lolote kati ya hayo. Nimefanya kazi nchini humu mchana na usiku, nimeambiwa maneno mengi, lakini hilo lilisemwa mbele ya mtoto wangu.

Fundi aliyeifungua ni mzee wa Kimarekani mwenye gereji nyuma ya nyumba yake, naye hana maneno mengi. Alinionyesha mpira unaounganisha kabureta na silinda ya kushoto, akaukunja kwa vidole na ufa ukafunguka kama mdomo. Ndani ya kabureta, kitundu chembamba cha petroli kilikuwa kimezibwa na utando wa kijani wa mafuta yaliyolala miezi mingi. Katika injini ya tustroki oili huingia pamoja na petroli, kwa hiyo hewa ikizidi na mafuta yakapungua, pistoni hukosa ulainisho na upoozaji kwa wakati mmoja, na hatimaye aluminiamu yake huyeyuka na kung'ang'ania ukuta wa silinda. Kisha akanionyesha kilichonikata maini. Chini ya mikwaruzo mipya inayong'aa palikuwa na mingine iliyokwisha kuwa myeusi. Injini hiyo ilikuwa imewahi kunoki zamani, mtu akaisugua juu juu na kuirudishia kifuniko. Kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, kingeonyesha hilo palepale yadini, maana silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 kuna jambo. Nilipompigia shemeji kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, wamekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wasinunue kabisa pikipiki ya theluji iliyotumika. Sasa nasita. Matengenezo yalinigharimu karibu dola 900, na tangu hapo mashine hii haijanisumbua hata siku moja. Inawaka mvuto wa pili hata alfajiri zenye baridi ya kuchoma mapua, na vipuri havina shida katika jimbo hili ambamo Polaris, kampuni inayotengeneza pikipiki za theluji, ilianzishwa, kule Roseau, mwaka 1954. Ukijumlisha fedha zote, bado nimelipa pungufu sana ya bei ya mpya. Mashine ni nzuri, wala kosa halikuwa la kiwanda, ndiyo sababu sikukitaja. Anayetaka kununua anunue, mradi aikute ya baridi, na kama ni ya moto aseme atarudi kesho yake asubuhi, na arudi kweli.

Lakini kwa mwuzaji yule sitoi alama hata moja. Nilidhani dola 900 ndizo zitakazoniuma, nazo nimekwisha kuzisahau. Juzi nilipokuwa nikiifunika pikipiki, mwanangu aliniuliza kama ni kweli sisi hatuwezi mambo ya baridi. Nilimpa kamba aivute mwenyewe.