TAHADHARI: "Seti kamili" za reli na vigari vya demani ya tanga la mbele, msitume hela

Wadau wenye boti za tanga naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaweza kumtoa mtu jicho. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu anatangaza seti kamili ya kurekebishia demani (kamba ya kuvutia tanga) ya tanga la mbele, yaani reli mbili, vigari viwili vyenye kapi vinavyosogea juu ya reli, vikapi vidogo na kamba za kuvutia kigari ukiwa umekaa zako nyuma kwenye usukani, na bolti zake zote. Picha safi, maelezo marefu, na bei anaiweka chini kidogo tu kuliko wengine ili usishtuke. Kinachokuja sicho kabisa.

Kwa wasiokijua hiki kifaa, kigari ndicho kinaamua demani inavuta pembe ya tanga kuelekea wapi. Ukikisogeza mbele, kamba inavuta kwenda chini zaidi, ukingo wa nyuma wa tanga unakaza na sehemu ya chini inashika tumbo. Ukikirudisha nyuma, chini kunanyooka na juu tanga linafunguka linamwaga upepo. Ndio maana upepo ukizidi ukaviringisha tanga kulipunguza, kigari lazima kiende mbele, la sivyo juu kunapigapiga na chini kumekaza kama hakuna kesho. Vile vigari vya zamani vya pini ilibidi mtu aende upande wa chini wa boti, maji yanapita kwenye sitaha, ang'oe pini kwa mkono huku demani imelegezwa. Hivi vya kuvuta kwa kamba vinakuondolea hiyo safari, na kwa sisi tunaosafiri wawili au peke yetu huo ni usalama, sio anasa.

Sasa kwenye picha ya huyu jamaa unaona wazi beringi za gololi ndani ya kigari, na maandishi yanasema kinasogea hata demani ikiwa imekaza. Nilichopokea nimekigeuza juu chini, ndani hamna hata gololi moja, kuna vipande viwili vya plastiki vimepachikwa kwa gundi na kimoja kimeshabanduka pembeni, unaingiza ukucha chini yake. Mdomo wa kigari umekatwa mpana kuliko reli, nikikiweka juu ya reli na kukisukuma kwa upande kinacheza kama jino bovu. Kizuizi cha mwisho wa reli, ambacho ndicho pekee kinazuia kigari kisitoke, ni plastiki tupu imebanwa na skrubu moja ndogo.

Kinachonitisha zaidi ni namba ya mzigo. Ameandika kwa herufi kubwa namba ya kuvutia sana, nilipombana inboksi akakiri kwamba hiyo ni ya kuvunjika, sio ya kufanyia kazi. Jamani hivyo ni vitu viwili tofauti, mzigo wa kufanyia kazi kwa vifaa hivi kwa kawaida ni kama nusu tu ya ule wa kuvunjika, na muuzaji anayejua kazi yake anakuandikia zote mbili. Piga hesabu mwenyewe: chukua eneo la tanga kwa mita za mraba, zidisha kwa kasi ya upepo kwa noti (maili za baharini kwa saa) mara yenyewe, kisha zidisha kwa 0.021, unapata makadirio ya mvuto wa demani kwa kilo. Tanga la mita 30 za mraba kwenye noti 20 ni kama kilo 250, na upepo ukipanda hadi noti 28 tu mvuto unakaribia maradufu. Halafu kuna kona ya kamba kwenye kapi, demani ikikunjwa nyuzi 60 kapi linabeba sawa na mvuto wa kamba yenyewe, ikikunjwa nyuzi 90 linabeba mara 1.4. Mwenzetu mmoja aliyenunua kwa mtu huyuhuyu alishafunga yake, upepo ulipokaza kile kizuizi kikaruka, kigari kikatoka mwisho wa reli kikiwa bado kwenye demani na kikapita hewani juu ya kiti cha nyuma. Hakuna aliyeumia kwa sababu tu hakukuwa na mtu amekaa pale.

Bolti nazo anasema ni stenlesi 316 na anakutumia video ya sumaku haishiki. Hiyo video haithibitishi chochote, stenlesi 304 nayo kwa kawaida sumaku haiishiki, kinachozitofautisha ni madini ya molibdeni na hayo yanapimwa kwa dawa ya matone. Za kwangu nimeziloweka kwenye maji ya bahari zikatoa kutu ya kahawia chini ya kichwa. Bolti ya namna hiyo ikiwa imezama ndani ya sitaha huioni, inaliwa taratibu kule kusikofika hewa, na maji yanaingia kwenye mbao laini ya katikati ya faiba inaanza kuoza.

Na msikubali ile kauli yake ya "inakaa kwenye matundu ya reli yoyote ya zamani". Kuna reli zenye matundu kila milimita 100 na kuna za inchi 4 ambayo ni milimita 101.6, ukifika tundu la kumi na moja mmeshapishana milimita 16. Mtu akiamini anaishia kutoboa sitaha upya, na hapo ndipo jamaa anapokushika, ukilalamika anajibu "umeshafunga, hairudishwi". Kabla ya hapo anakuomba uandike "nimepokea salama" wakati boksi bado halijafunguliwa, kisingizio eti msafirishaji anadai. Malipo anataka nje ya jukwaa, moja kwa moja. Mimi sikutoboa kitu, nilidai siku ileile na picha juu, akanibloku, hela yangu haijarudi, na wiki hiyohiyo tangazo likarudi kwa jina jingine na picha zilezile.

Kwa hiyo mtu akikutangazia seti kama hii mwambie apige picha ya upande wa chini wa kigari kikiwa juu ya rula, karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Mwenye mali halisi anafanya hivyo dakika mbili, huyu atakupa hadithi. Ikifika, weka kigari kwenye reli mezani, inamisha reli, chenye gololi kinateremka chenyewe. Usishike dreli kabla ya hapo.

Ambao mmeshafunga za huyu mtu, rudisheni vigari vya pini vya zamani kama mnavyo, na kama hamna fungeni kapi imara kwenye pedi ya sitaha (kile kishikizo cha chuma chenye tundu kilichobanwa kwenye sitaha) kwa kamba nzito mpaka mpate kigari cha kueleweka, na watu wasikae kwenye mstari wa demani. Tunzeni meseji, risiti na picha. Mwenye skrini za mazungumzo naye anitumie inboksi tuziunganishe tupeleke malalamiko pamoja.