Ruger 10/22 kwenye vumbi la Dodoma: vifaa vya usafi na vipuri nilivyojaribu

Anayeishi Hombolo haelezwi vumbi ni nini. Kiangazi upepo ukianza, vumbi linaingia kwenye kabati lililofungwa, sembuse bunduki. Yangu ni Ruger 10/22, semi-otomatiki ya risasi ndogo za .22: inajipakia yenyewe, ila kila risasi lazima uvute triga upya. Ninaimiliki kwa leseni, na kazi yake ni kutishia ngedere kwenye zabibu na kupiga shabaha siku nikipata nafasi.

Modeli hii iko sokoni tangu 1964 na ni ngumu kweli, lakini ina tabia yake. Boliti, kile chuma kinachoteleza na kuziba nyuma ya chemba (mahali risasi inapokaa), haifungwi na kitu chochote zaidi ya uzito wake na springi. Risasi ikilipuka, ganda linarudi nyuma na kuisukuma, basi. Nguvu yenyewe ni ndogo, kwa hiyo uchafu kidogo tu unaipunguza. Na risasi za .22 ni chafu kwa asili, kwa kuwa nyingi zake hupakwa nta. Nta hiyo, masizi ya baruti na vumbi letu vikikutana unapata tope la kijivu kwenye chemba. Ganda linabanwa kwenye dirisha la kutokea, boliti inagoma kufunga, na watu wanasema bunduki mbovu.

Kifaa kilichonifaa kuliko vyote ni kamba ya kuvuta, ile yenye brashi ya shaba katikati na kitambaa kinene nyuma yake. Ilinigharimu elfu arobaini na tano kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Uzuri wake ni huu: 10/22 imezibwa nyuma, kwa hiyo ukitumia fimbo unalazimika kuiingiza kutokea mdomoni mwa mtutu. Fimbo ya chuma ikisugua mdomo huo kila mara, shabaha inaharibika taratibu. Kamba unaidondoshea chembani, unaivuta itokee mbele, imekwisha. Kasoro yake ni kwamba haikwangui vizuri lile duara la nta chembani. Hapo natumia brashi ndogo ya nailoni na dakika chache za subira. Kamba yenyewe ifue kwa sabuni pia, la sivyo unarudisha uchafu uleule ndani.

Kufungua si kazi. Toa magazini (kikasha cha risasi), vuta boliti, tazama chemba kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Skrubu moja ya kitako (kama ina bangili ya mtutu, legeza na hiyo), weka kitufe cha usalama katikati ili kisikwame kwenye mbao, kisha sukuma pini mbili na sehemu yote ya triga inashuka. Nafanyia kazi juu ya shuka jeupe, maana vipini vile vikianguka kwenye udongo mwekundu umeviaga.

Dawa ya kusafishia ninayotumia ni Hoppe's No. 9, iliyoanza kuuzwa 1903. Harufu yake mama watoto haipendi, kwa hiyo nakaa nje. Inalainisha masizi vizuri, lakini si kilainishi, ifute yote. Mafuta ya bunduki ni tone moja moja pale boliti inapoteleza. Kuna mafundi huku wanaomimina oili ya injini mpaka inachuruzika. Kwa Dodoma huko ni kualika vumbi likae. Na nawa mikono kabla ya kula, madini ya risasi ni sumu.

Sasa maboresho. Kabla ya kuagiza chochote niliuliza polisi kitengo cha silaha, na wewe uliza, kwani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kubahatisha.

Pini ya plastiki ngumu inayopokea boliti nyuma, badala ya ile ya chuma: inaingia kwa mkono, kelele ya chuma kugonga chuma imepungua. Shabaha haijabadilika hata chembe, asikudanganye muuzaji. Kibati kipya cha kuachilia boliti: sasa unavuta nyuma na kuachia tu, hakuna tena kupapasa kitufe kwa kidole kimoja huku ukivuta kwa mkono mwingine. Nimekipenda. Ndoana ya kutolea maganda yenye kucha kali zaidi: hii ndiyo pesa iliyoonekana. Maganda yanaruka vizuri hata chemba ikianza kuchafuka.

Triga nyepesi sikununua. Ruger wenyewe wanauza yao, BX, ya kama kilo moja na robo, na wapiga shabaha wanaisifu. Kwangu bunduki inatembea kwenye mistari ya mizabibu, triga nzito inanifaa. Fundi akikwambia atakupunguzia kwa tupa, ondoka na silaha yako. Kilichochongwa vibaya kinaweza kufyatuka kwa kugongwa tu.

Magazini ya kuzunguka, ile ya risasi kumi, siifungui. Springi yake imepimwa mzunguko wake kiwandani, ukiachia inabidi uipindie upya kwa kukisia. Naipuliza, naifuta kwa kitambaa kikavu, siweki mafuta. Kipuri kinachofuata kwenye orodha yangu ni magazini ya pili.