Nano ya Kariakoo: chupa mbili, kioo kimoja cha IST

Nimenunua chupa mbili za dawa ya kupaka kioo zilizoandikwa "nano", siku moja, duka moja, Kariakoo. Moja ni ya kioo cha simu, shilingi 10,000. Nyingine ni ya kioo cha mbele cha gari (langu ni Toyota IST), 25,000 baada ya kuombana sana, maana muuzaji alianzia 40,000. Ya simu msinunue. Ya gari nunueni, ila someni kwanza mpaka chini, kuna namna ya kuipaka.

Naanza na ya simu kwa sababu ndiyo iliyoniudhi. Kijana wa dukani ana mdomo mtamu, hilo namvulia kofia. "Dada, hii siyo protekta ya kubandika. Hii nano, inaingia ndani ya kioo, 9H hii!" Akadondosha matone mawili kwenye simu yake, akafuta, akatoa msumari na kuanza kukwaruza krr krr mbele ya watu. Hakuna alama. Watu wakaguna, mmoja akatoa msimbazi, noti ya elfu kumi, palepale. Nikampa simu yangu. "Mdogo wangu, hebu kwaruza na hii ambayo haijapakwa." Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Nikauchukua msumari nikakwaruza mwenyewe. Hakuna alama vilevile! Kioo cha simu ni kigumu kuliko msumari tangu kinatoka kiwandani. Adui yake ni mchanga, huu unaoingia mkobani ukienda Coco Beach na kukaa humo miezi. Na hiyo 9H wanayoiimba ni kipimo cha penseli: unasukuma ncha za penseli juu ya utando, unaanza na laini unapanda hadi ngumu, na 9H ndiyo ya mwisho kwenye boksi. Ni ugumu wa penseli, basi.

Nilinunua hivyo hivyo, maana siwezi kukiponda kitu nisichokitumia. Wiki ya pili simu ilikuwa na mikwaruzo miwili mipya, mmoja umepita juu kabisa ya kamera ya mbele. Faida niliyoiona ni kwamba alama za vidole zilifutika kirahisi, kwa siku nne hivi. Kwenye boksi wameandika pia kwamba inaua bakteria na kuzuia mionzi. Sina la kuongeza hapo.

Neno hili "nano" linanigusa kwa sababu nimewahi kulifanyia kazi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Nanomita ni mita moja uigawe mara bilioni. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Nilipokuwa masomoni Afrika Kusini tulitumia hadubini ya nguvu za atomu, aina iliyotangazwa mwaka 1986 na wanasayansi Binnig, Quate na Gerber. Hadubini za shuleni zinazotumia mwanga huishia kwenye nanomita 200 hivi, vitu vikisogeleana zaidi ya hapo unaona ukungu tu. Hii yenyewe haitazami, inapapasa. Ina sindano ambayo ncha yake ni nanomita kama 10, imeshikizwa kwenye kijiti chembamba kinachopinda. Leza inapigwa mgongoni mwa kijiti, inadakwa upande wa pili, na sindano ikipanda au kushuka kompyuta inachora mstari. Ukitaka unene wa utando unaukwaruza mpaka ufikie kioo, kisha unapitisha sindano ukingoni. Ngazi inayojichora pale ndiyo unene wenyewe. Wiki ya kwanza nilivunja sindano tatu. Lori likipita nje, mstari wote unatetemeka kama bati kwenye upepo, unaanza upya. Mwisho tukawa tunapima usiku.

Kwa hiyo mtu akiniambia kimiminika kimeingia ndani ya kioo, mimi nataka kuiona ile ngazi. Hapa nyumbani sina mashine hiyo. Nina jani la magimbi kutoka kwa jirani, simu, na kipimapembe cha mwanangu wa darasa la sita.

Tone la maji juu ya jani la magimbi linasimama kama gololi na kubiringika likiondoka na vumbi. Jani limejaa vinundu vidogo mno vyenye nta, tone linakalia ncha zake na chini kuna hewa. Hiyo ndiyo nano ya bure. Nilipiga picha kwa ubavu nikapima pembe inayofanywa na tone na kile lilichokikalia (ikiwa kubwa, tone limesimama zaidi): jani lilizidi digrii 150. Kioo kitupu kilichooshwa vizuri, tone lilitandaa. Kioo kilichopakwa dawa ya gari, kama 105. Simu nayo siku ya kwanza ilikaribia 100, siku ya tano tone limelala chali.

Sasa ya gari. Utando wake ni wa molekuli zenye kichwa kinachong'ang'ania kioo na mkia usiopatana na maji. Kioo kikiwa na grisi, kichwa hakina pa kushika, na hapo ndipo watu wengi wanapoibiwa na haraka zao. Osha kwa sabuni, suuza, futa kwa spiriti, acha kikauke kivulini. Paka kidogo kidogo kwa kuzungusha, subiri kifanye ukungu, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka king'ae. Nilitumia saa nzima, na nilipaka upande wa dereva tu ili nione tofauti.

Masika ilinipa jibu Barabara ya Mandela. Nikiwa mwendo wa 60 kwenda juu, maji upande wangu yalikimbia yenyewe kuelekea paani, waipa nimezizima, huku kushoto ni mto. Lakini kwenye foleni ya Buguruni upepo hakuna, matone yanakaa palepale, kila moja limebeba taa ya gari la mbele. Usiku inaumiza macho, ikabidi niwashe waipa. Na waipa zangu zilizochoka zikaanza kurukaruka na kulia, nikanunua mpya. Hiyo gharama hawakwambii dukani.

Boksi linasema miaka miwili. Kwangu sehemu inayofagiwa na waipa ilidumu wiki sita, pembezoni bado ipo. Chupa haijafika nusu.

Jumamosi nimepaka tena, upande wangu tu. Mume wangu, anayekaa kushoto, anauliza hili jaribio linaisha lini.