Gari ni zuri, kusubiri nilivumilia, uongo ndio ulionishinda

Naandika nikiwa nimeshalipata gari langu, liko nje hapo, kwa hiyo msidhani hizi ni hasira za mtu aliyetapeliwa. Sikutapeliwa. Nilifanywa mjinga, na hilo linaniuma zaidi.

Niliagiza gari jipya kwa wakala, rangi niliyoitaka mwenyewe, nikalipa malipo ya awali, nikaambiwa miezi mitatu, ikizidi sana minne. Likaja kwenye mwezi wa nane hivi. Na wala sina kinyongo na miezi yenyewe. Nakumbuka 2021 viwanda vya magari vilivyokuwa vikisimama kwa kukosa chipu, kitu kidogo kuliko ukucha. Mwaka 2022 meli ya Felicity Ace iliwaka moto Atlantiki, karibu na visiwa vya Azores, ikazama na magari yapatayo 4,000. Ningeambiwa langu limo humo ningelia siku mbili, nikanyamaza, nikaanza upya. Ukweli hata ukiwa mchungu unajua uanzie wapi.

Mimi niliambiwa "wiki ijayo".

Afisa mauzo aliyenihudumia, kabla sijalipa, alikuwa akinipigia hata usiku kuuliza nimefikia wapi. Pesa ilipoingia tu, mpigaji nikawa mimi. Na kila nikipiga, sababu mpya. Mara meli imekwama bandarini, mara foleni ya kushusha, mara inazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu Bahari ya Shamu haipitiki. Hiyo ya mwisho niliipokea, maana ni kweli kampuni nyingi za meli zilianza kuikwepa njia ile mwishoni mwa 2023. Lakini mzunguko ule huongeza wiki mbili hivi. Mimi nilikuwa naingia mwezi wa sita!

Ndipo nikaomba namba ya chasisi. Ni herufi na tarakimu 17, kila gari na yake, na gari lililokwisha kutoka kiwandani haliwezi kukosa namba hiyo. Akanijibu kwa ujumbe: "Namba bado haijatoka dada." Nikausoma, nikaweka simu chini, nikaendelea na shughuli zangu. Baadaye sana ndipo akili ikanirudia. Kama namba haijatoka, basi gari halijaundwa. Na kama halijaundwa, melini kuna nini?

Sikupiga tena. Nilikwenda.

Nilimkuta mezani kwake na kikombe cha chai, simu mkononi. Nikamsalimu vizuri, nikafungua jumbe zake mbili, ule wa meli na ule wa namba, nikamwekea mbele yake nikamwomba anieleweshe. Hakuzisoma. Hakuinua macho. Akasema, kwa sauti ambayo watu waliokuwa wamekaa kwenye kochi waliisikia: "Dada, kwani wewe ndiye mteja wetu peke yako?" Kidole gumba chake kikaendelea kusukuma picha juu kwenye simu, moja, nyingine, nyingine. Mama mmoja kwenye kochi akatoa risiti yake kwenye pochi, akaiangalia, akairudisha. Nadhani naye alikuwa ameambiwa wiki ijayo.

Nilitoka bila kujibu. Mpaka leo najuta kwa nini sikujibu.

Wiki kadhaa baadaye nikaitwa. Gari limefika "juzi". Tabasamu, utepe mwekundu kwenye boneti, tupige picha. Nikaingia, nikabonyeza kitufe cha kuwasha, likatoa mlio wa tik-tik-tik na taa za dashibodi zikafifia. Betri imekufa. Gari jipya! Wakaleta nyaya na gari lingine kuliamsha. Huku wakihangaika niliona utando wa buibui kwenye kioo cha pembeni, umejaa vumbi. Buibui wa juzi?

Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameshika zile nyaya, akaniambia taratibu: "Hili lina zaidi ya mwezi hapa, mwanangu. Lilikuwa linasubiri sahihi tu." Yule mzee alinibadilishia betri, akalikagua upya mbele yangu, akanionyesha hata upepo wa matairi, maana huko kiwandani na melini huwa yanajazwa zaidi ya kawaida na lazima yapunguzwe kabla mteja hajaondoka. Kwa ajili yake peke yake ningesema nendeni, kuna watu wanaoijua kazi yao. Na gari lenyewe ni tamu, silifichi. Linatulia barabarani, halina kelele, kila nikilifungua mlango nafurahi.

Basi nilitaka kuandika kwamba wavumilivu waende. Nilishaandika hata sentensi yake. Nimeifuta. Gari langu lilikaa nyuma ya ukuta ule zaidi ya mwezi, mimi nikitembea kwa miguu, na mtu akiniandikia kuhusu bahari. Hapana. Msiende. Hata mkiahidiwa mwezi mmoja.

Tangu wiki iliyopita wananitumia ujumbe niwape alama kumi kati ya kumi, ati afisa wangu anazihitaji. Sijajibu. Nilikabidhiwa ufunguo mmoja badala ya miwili, na wa pili nimeambiwa unakuja wiki ijayo.